Wake Wawili wa Okanya na Dawa Zake

Okanya alikuwa na nyumba mbili, mpaka ukipita kati yake: kwa Nanjala, mke mkubwa, Busia upande wa Kenya, na kwa Specioza, mke mdogo, Tororo upande wa Uganda, alikokwenda kununua ngozi. Mwaka wa sitini na sita miguu ilimvimba, pumzi zikawa zinamkatika hata akiwa ameketi. Daktari wa Tororo alisema ni moyo, akampa vidonge. Tabibu wa Busia alisema ni figo, akampa dawa ya kukojoa na kumkataza chumvi. Hakuna aliyejua la mwenzake. Wake hao walikuwa hawasemezani, na Okanya, kwa kutafuta amani, kila nyumba aliificha dawa za nyumba nyingine.

Nanjala alichoka. Alimgeuza, alimfulia, alimpikia mboga zisizo na chumvi, naye akazisukuma kando. Kila akitoka Tororo alirudi amevimba upya. Ilikuwa kuteka maji kwa pakacha.

Kisha Okanya akaanza kutapika kila alichomeza. Asubuhi moja aliuliza nani amepaka ukuta rangi ya manjano. Ukuta ulikuwa wa chokaa, mweupe. Nanjala alipokung'uta koti lake, vidonge vikadondoka.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya moyo. Vya Tororo."

Hakugomba, nguvu za kugomba hakuwa nazo. Alifunga dawa zote kwenye pindo la leso, akapanda basi la Tororo.

Specioza alikuwa akipepeta wimbi uani. Alisimama. "Karibu, Mama Rasto."

"Sikuja kwa ugomvi. Mume wetu anakwisha. Wewe humtilia chumvi?"

"Humtilia. Nani aliniambia nisitie?"

Nanjala akafungua pindo la leso, akamwonyesha dawa zote.

Walikwenda pamoja kwa daktari. Alizitazama dawa, akaguna. Figo zilizodhoofika zilishindwa kuitoa dawa ya moyo, akasema. Imemjaa mwilini, ndiyo inayomtapisha na kumfanya aone manjano. Akaipunguza, akampigia simu tabibu wa Busia, wakakubaliana asibadilishe mmoja dawa bila mwenziwe kujua.

"Atapona?" Specioza aliuliza.

"Hapana, mama. Lakini atapumua."

Akapumua mwaka na zaidi, nyumbani kwa Nanjala, wake zake wakimuuguza kwa zamu. Hawakupendana, walipokezana tu.

Alifariki wakati wa palizi, zamu ya Specioza. Alipomwamsha Nanjala, huyo hakusikia uchungu kwanza, ila uzito wa miguu yake mwenyewe.

"Usipige yowe bado," alisema. "Watu watajaa. Niache niketi kidogo."

Specioza akamsogezea kigoda, naye akaketi chini kando yake.