Nilivyokwenda Kanada Kumrudisha Mama

Mama yangu, ninayeishi naye London tangu watoto wangu wakue, aliondoka kwenda Kanada kumtembelea mdogo wangu Rukia, akasema anakwenda mara moja tu. Hata khanga zake nyingine aliziacha kabatini kwangu. Ikapita Idi, ukapita mwaka mpya wa Wazungu. Kila nikimpigia simu ananiambia, "Nakuja mwanangu, baridi ikipungua." Nyie mlioko Unguja huenda hamjui, lakini ukisubiri baridi ya Kanada ipungue utazeekea huko huko. Nikaona hapa pana jambo. Rukia ananinyang'anya mama.

Tena niseme mapema: wivu ninao. Rukia tangu mdogo vitu vinamfuata mwenyewe. Mimi naishi Stratford, mashariki ya London, na mume wangu na watoto wawili, katika fleti ambayo ukitaka kufungua mlango wa oveni lazima utoke jikoni wewe kwanza. Yeye ananitumia picha: nyumba ya ghorofa, gari mbele yake, theluji imejaa uani kama unga wa ngano uliomwagika. Katikati ya picha amesimama mama, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kwangu mama hajawahi kucheka namna ile. Nikaomba likizo dukani ninakouza nguo, nikakata tiketi.

Asubuhi ya safari binti yangu mkubwa, Nasra, alinisindikiza mpaka Heathrow. Nasra kazaliwa hapa hapa London, sasa yuko chuo kikuu. Kiswahili anakisikia chote ila kujibu hujibu kwa Kiingereza. Njiani akaniuliza, na bibi akikataa kurudi?

"Akatae kwa lipi?" nikamwambia. "Mimi ndiye mkubwa. Mama anakaa kwa mkubwa."

Akatia vidude vyake vya muziki masikioni.

Ndani ya ndege nilipanga maneno yangu. Nitaanza kwa upole, nikiona ubishi nitalia. Chini ilikuwa barafu, barafu, barafu, nikisinzia nikiamka ni barafu ile ile. Nikajiuliza watu wa kwetu Makunduchi wamefikaje kuishi huku, nani aliwaambia pako.

Mchana nikafika Edmonton, mji anaokaa Rukia. Rukia na mumewe, Hemedi, walinipokea uwanjani. Rukia alikuwa kavaa koti kubwa limemfika vifundoni, utadhani amejiviringisha godoro. Alinikumbatia kwa ubavu.

"Dada, mbona umekonda hivyo?"

"Na wewe umenenepa," nikamjibu, na wallahi nilikusudia kumchoma. Akacheka, akamtupia jicho mumewe.

Tulipotoka nje pumzi ilinikatika. Vinyweleo vya puani viliganda, nikavisikia vikisuguana. London tunalalamika baridi, lakini ile yetu ni unyevu tu, watu wa Kanada wangeivalia kandambili. Barabara pana, magari makubwa, na hakuna binadamu anayetembea kwa miguu. Tulipofika kwao, Hemedi alitoa waya mbele ya gari akauchomeka ukutani, kama anayechaji simu.

"Usipolichomeka, shemeji, asubuhi haliwaki," akanieleza. "Injini inaganda."

Mimi nyumbani kwangu nawasha joto saa moja jioni, nikizima tunajifunika mablanketi. Nikasema moyoni, hata gari la Rukia linalala na joto kunishinda!

Mlangoni tulivua viatu. Msidhani ni kwa ajili ya Uislamu. Kanada kila mtu anavua, hata fundi bomba akija kazini anabaki na soksi. Ndani kuna joto mpaka watu wanakaa na fulana. Sebuleni mwao fleti yangu yote inaenea. Na chini ya nyumba, ndani ya ardhi, kuna nyumba nyingine: chumba, bafu, na friza ambayo mbuzi mzima anaingia bila kukatwa miguu. Kijiba cha roho kikanishika.

Mama akatoka jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Umefika salama!"

Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa. Hilo nalo liliniudhi.

Tukakaa. Rukia naye akakaa, na koti lake. Jasho linamtiririka, koti halivui.

"Wewe, vua hilo koti, utaiva humo," nikamwambia.

Akamtazama mama. Mama akanitazama mimi, halafu akasema taratibu, "Livue, Rukia. Huyu ni ndugu yako."

Akalivua. Loh! Tumbo lile! Ilikuwa imebaki kuzaa tu.

Rukia kaolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Mimba zilikuja zikaharibika, tukaacha kuuliza. Kwetu mnajua wenyewe, mimba haitangazwi, sembuse ya mtu aliyeihangaikia hivyo. Watu wanaogopa kijicho. Lakini kijicho huogopwa cha jirani, cha wifi, cha mpita njia. Mimi nimembeba Rukia mgongoni, nimemsuka nywele.

"Mlikuwa mnaogopa jicho langu mimi?" nikauliza.

Hemedi akachukua koleo lake akatoka nje kuzoa theluji ambayo alikwisha kuizoa. Rukia akaanza kulia.

"Dada, usinifahamu vibaya. Kila nikikutumia picha unaniambia nimepata, nimepata. Hata siku moja hujasema mashallah. Nikaogopa."

Ni kweli, sikusema. Lilikuwa halipiti kooni. Nikamgeukia mama.

"Kwa hivyo hurudi."

"Sirudi mpaka arobaini yake iishe. Nani atamkanda?"

Kusikia neno hilo nikapasuka. Mama alikuwa anasema habari ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo kwa khanga, kumpikia uji wa pilipili manga, na kumweka kitandani siku arobaini asiguse hata kikombe.

"Na mimi alinikanda nani?" nikapiga kelele. "Mara mbili nimezaa, mara mbili Waingereza wamekunyima viza ya kuja! Nasra nilirudi naye kutoka hospitali kwa basi, mume yuko kazini, nikajichemshia chai mwenyewe na mshono unanivuta! Rukia, nyumba yako naionea wivu, gari lako nalionea wivu, friza yako pia naionea wivu. Lakini hili la mama linaniua!"

Ndiyo, nilisema yote hayo mbele ya mja mzito. Rukia akaja akaniegemea, tumbo lake likanigusa, mtoto akapiga teke. Nikaweka mkono pale alipopiga.

Siku zilizofuata niliiona Kanada vizuri zaidi. Hemedi alirudi kazini kwenye visima vya mafuta kaskazini, anakokaa majuma mawili bila kurudi. Njia iliyo mbele ya nyumba yako lazima uizoe theluji mwenyewe, usipoizoa unatozwa faini. Asubuhi tuliamka tukakuta ya Rukia imekwisha kuzolewa. Ni mzee wa jirani, Mzungu, hata salamu hakungoja. Mimi jirani yangu wa Stratford namjua kwa kikohozi tu. Wivu ukanirudi.

Lakini bila gari huko wewe ni mfungwa. Duka la karibu ni mwendo wa kugandisha masikio. Siku moja tukikata vitunguu Rukia aliniambia, kabla mama hajaja, Hemedi akiondoka yeye hushinda wiki nzima hajasema na mtu.

"Nikawa naiwasha redio ya Unguja kwenye simu nisikie watu wakitangaziwa misiba," akasema. "Wewe, dada, ukitoka mlangoni kwako unasikia Kiswahili sokoni. Mimi nilikuwa nakuonea gere wewe."

"Mimi? Kwa jiko lile?"

"Kwa jiko lile lile."

Tulicheka. Wivu wangu ulipungua, ingawa haukuisha wote.

Asubuhi ya kurudi, mizigo ikiwa mlangoni, mama aliniita kwenye bafu la chini. Kulikuwa na sufuria kubwa inafuka mvuke, taulo, na mkeka umetandikwa sakafuni.

"Vua. Lala."

"Mama! Nasra yuko chuo kikuu!"

"Sikukuuliza yuko wapi. Lala."

Nikalala. Akachovya taulo, akakamua, akalibandika kiunoni. Yalaa! Nilipiga ukelele mpaka Rukia huko juu akacheka. Mama akaniambia nisijitikise. Akanikanda mgongo, kiuno, tumbo, taratibu, kama nimezaa jana. Nilipofumbua macho nikaona machozi yanamtoka huku mikono haisimami.

"Viza walinikatalia wao," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo. Mara zote mbili."

Mzigo huo sikupata kuambiwa. Miaka yote nilidhani alikubali upesi, akakaa zake Unguja. Nililia pale pale mkekani, na mama akaniacha nilie. Halafu akanifunga tumbo kwa khanga, akaivuta mpaka pumzi ikapanda juu.

"Usiifungue mpaka ufike kwako."

Uwanja wa ndege wa Edmonton, kwenye ukaguzi, mwanamke wa usalama alinipapasa tumbo akakuta kigumu. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni nguo, nimefungwa na mama yangu, kwetu mtu akizaa hufungwa. Akaniangalia mvi zangu, akauliza kwa heshima mtoto ana umri gani.

"Yuko chuo kikuu," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akanipa pole, akamwita mtu wa nyuma yangu.

Sasa niko Stratford. Mkiniuliza Kanada kukoje, nitawaambia nyumba ni kubwa, jirani ni mwema, baridi inakata, na upweke nao upo, hata kama kwenye picha hauonekani. Nilikwenda kumrudisha mama nikarudi peke yangu, nimefungwa tumbo. Rukia bado namwonea wivu, nikisema sivyo nitakuwa mwongo: yeye atakandwa siku arobaini, mimi nilipata asubuhi moja. Lakini asubuhi ile ni yangu, na simgawii mtu.