Rumba ya Kizingitini

Fundi cherehani wa chumba cha pili hutetemeka mikono hata akishika kikombe kitupu, na sauti yake imebaki ndogo kama ya mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Mkasi hashiki tena. Kila asubuhi hutaka kutoka kuota jua, maana baridi ya Dodoma haina huruma, na kila asubuhi miguu humgandia kizingitini kana kwamba imepigiliwa misumari. Hapo mkewe humshika kiunoni na kumwimbia rumba sikioni. Watayumba kushoto, watayumba kulia, na ukija kushtuka wako uani. Emilia, mpangaji mwenzao, alidhani ni mapenzi ya uzeeni tu.

Jumamosi moja mke alikwenda msibani Hombolo. Emilia akamkuta mzee amekwama mlangoni, jasho likimtiririka. Akamvuta mkono, nusura waanguke wote wawili.

"Usinivute, mwanangu," mzee alinong'ona. "Nichezeshe."

"Sijui kucheza, baba. Mimi ni mtu wa kwaya."

"Basi imba."

Akaanza pambio la kanisani kwa haya, akiyumba. Kiganja cha mzee kikatua mgongoni mwake, na kule kutetemeka kukakoma. Emilia akausikia ule mwili uliokuwa gogo ukiamka kuanzia visiginoni. Mguu wa kwanza ukavuka, wa pili ukafuata, na aliyejikwaa akawa Emilia.

"Taratibu," mzee alisema, kwa sauti nzito ambayo Emilia hakuwahi kuisikia. "Anayeongoza ni mimi."