Siku Baba Aliposikia Mngurumo Wangu

Nilimdanganya baba kwa miaka tisa, ingawa sikuwahi kumwambia neno la uongo. Kila Jumapili aliponipigia simu kutoka Kenya, nilimwambia kwamba nikitoka kanisani nakwenda mazoezi ya muziki, naye alifurahi. Baba ni mwalimu wa kwaya. Bila shaka akilini mwake aliniona nimevaa joho, kitabu cha nyimbo mkononi. Kumbe nilikuwa kwenye gereji huko Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, Marekani, gitaa la umeme begani, nikinguruma kama chui aliyejeruhiwa.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Nawaogesha, nawalisha, nazungumza nao kwa sauti ya chini. Kijana mmoja Mmarekani, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, alikuwa akija pale kumtazama bibi yake. Aliposikia kwamba napiga gitaa, alinialika kwenye bendi yake ya metali, ule muziki wa roki mzito unaoimbwa kwa kunguruma. Yeye ndiye mpiga ngoma. Siku ya kwanza spika zilipowashwa, nilihisi nimezama kwenye maji ya vuguvugu. Sauti ilinifunika hadi utosini, na ndani yake palikuwa kimya. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Kisha mama akafariki. Makaratasi yangu ya uhamiaji hayakuwa tayari, kwa hiyo nilitazama maziko kwenye simu. Picha ilikwama kila mara, udongo ukaning'inia hewani juu ya kaburi, hauanguki. Wiki hiyo nilitunga wimbo.

Baba alikuja kunitembelea majira ya baridi yaliyopita. Jumapili ya kwanza, tulipotoka kanisani, alisema hatavua suti kwa sababu anataka kuwasalimu wanakwaya wenzangu. Niliendesha gari polepole. Theluji ilishuka bila haraka, barabara na anga vikawa rangi moja, hata sikujua kama ni sisi tunaokwenda au ni nyumba zinazotupita.

Gerejini, mpiga ngoma alimtandikia blanketi kwenye kiti. Mpiga besi wetu, msichana wa Kitanzania anayesoma chuo kikuu, alimwamkia shikamoo, akampa vizibo vya masikio. Baba aliitikia marahaba, akavitazama vile vizibo, akavitia mfukoni.

Tukapiga wimbo wa mama. Nilifumba macho toka mwanzo hadi mwisho. Nilipoyafumbua, baba alikuwa ameketi vilevile, mikono magotini.

"Maneno yanasemaje?" aliuliza. "Sikushika hata moja."

"Ni ya mama, Baba. Ya ile siku ya kaburini."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Nilingoja anikemee.

"Besi inachelewa kuingia ubeti wa pili," alisema. "Na wewe unakimbilia mwisho. Anayeomboleza hana haraka, mwanangu. Rudieni."

Akainuka, akasimama mbele yetu na kuinua mkono wa kulia, kama afanyavyo mbele ya kwaya yake. Mpiga ngoma hakujua neno la Kiswahili, lakini aliufuata ule mkono. Wimbo ukawa mzito, mpana, kama kitu kinachotembea chini ya barafu. Katikati niliona koo la baba likicheza. Alikuwa akiimba sauti ya tatu, na spika zilimmeza kabisa. Machozi yalinitoka huku nikinguruma.

Tukiwa njiani kurudi alianza kunieleza yale ambayo simu haikunionyesha: kwamba kina mama waliimba mpaka mhubiri akaketi, kwamba usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha, na udongo ulinukia, kwamba shangazi aliweka leso yangu ya zamani ndani ya jeneza. Nilisimamisha gari kando ya barabara ili nimsikilize.

Hakuupenda muziki wetu. Alisema unamkumbusha watu wanaobomoa nyumba. Hata hivyo, alikuja kila Jumapili hadi aliporudi Kenya. Majira ya kuchipua tuliupiga ule wimbo alasiri moja, kwenye tamasha la metali katika bustani moja ya Minneapolis, kwa mwendo aliotupangia yeye. Watu waliovaa fulana nyeusi, waliokuwa wakirukaruka tangu mchana, walisimama tuli kwenye majani mabichi, wengine wamefumba macho.