Mpiga pasi wa hupa za wengine atafuta ya binti yake

Ni saa moja asubuhi, Jumapili, na chumba cha pasi kimeshajaa mvuke. Perla Ohayon anakivuta kitambaa cheupe chenye upana wa mita tatu, anakilaza mezani na kukifuata mshono kwa mshono. Akikuta mkunjo anaurudia. Akikuta doa la divai analikwaruza kwa ukucha, kisha anatikisa kichwa.

Kitambaa hicho ni hupa. Hutandazwa juu ya nguzo nne, maharusi husimama chini yake hadi bwana harusi avunje glasi kumaliza ibada, na bila hiyo hakuna rabi hapa Beer-Sheva atakayewaoza.

"Hii imeozesha watu zaidi ya mia mbili," anasema. "Wengine wameshaachana. Hupa bado nzima."

Perla ana miaka hamsini na saba na ni mjane. Ameajiriwa na duka la kukodisha vifaa vya harusi, na mshahara wake ni shekeli 5,900 kwa mwezi. Hupa moja, pamoja na nguzo na maua, hukodishwa shekeli 3,200 kwa jioni moja.

Jumanne ijayo binti yake wa mwisho, Oshrat, anaolewa. Upande wa bwana harusi umelipia ukumbi na chakula. Upande wa bibi harusi ulikubali kuleta hupa.

Hupa kama hii ya mezani hadi leo haijapatikana.

Alianza kwa tajiri wake, Gabi. Alimfuata ofisini mapema mwezi uliopita, mikono ikiwa bado na unyevu wa kazi.

"Perla, roho yangu, hongera!" Gabi alimwambia. "Nitakupunguzia mia mbili."

"Mia mbili? Gabi, nimekuomba ile ya zamani, yenye kiraka. Kiraka nilikishona mimi."

"Hiyo yenye kiraka nayo ina mteja. Nikikupa wewe bure, kesho Luda ataniletea mpwa wake."

Luda, anayefanya naye kazi meza moja, alikuwa mlangoni akisikiliza. "Mpwa wangu ana miaka sita!" alipaza sauti. "Lakini asante, Gabi, nitamwambia aharakishe."

Perla anakisimulia kisa hicho huku akicheka, ila kicheko hakifiki mbali.

Kutoka hapo alikwenda kwa mama mmoja anayeazima hupa bila malipo kwa wasio na uwezo. Alikuta foleni ngazini. Katika wiki zile za baada ya Pasaka ya Kiyahudi watu hawaoi, ni desturi ya maombolezo, na zikiisha tu, kila mchumba anaikimbilia Jumanne ya kwanza, siku inayosemekana kuwa na baraka mara mbili. Yule mama ana hupa tatu. Kwa Jumanne hiyo alishaandika majina kumi na moja.

"Aliniuliza, mwanao hawezi kuolewa Jumatano?" Perla anasema. "Nikamwambia, ukumbi wa Jumatano utalipia wewe?"

Kisha akapata pazia. Sinagogi ndogo ya mtaani kwao ilifungwa baada ya wazee wake wengi kufariki, na mtunzaji akampa Perla pazia la kabati la Torati, mahameli ya buluu, akimwambia alifanyie analotaka. Kila akitoka kazini alikaa nalo sebuleni. Alifumua majina ya waliolichangia, akaziba matundu, akashona kitanzi katika kila pembe. Kazi hiyo ilimchukua siku kumi na mbili.

Rabi atakayewaoza alipolisikia alikuja mwenyewe kuliona. Alilishika, akalisifu, kisha akakataa.

"Kilichofunika Torati hakishushwi kikafunika watu," alimwambia. "Ulipaswa kuuliza kabla ya kushika sindano, Perla."

Vitu vitakatifu vilivyochakaa huzikwa makaburini, na pazia likachukuliwa kwenda kuzikwa. Alilikunja mwenyewe. Hata hivyo alilipiga pasi kwanza.

Mtu angeuliza kwa nini asitumie shali ya sala ya marehemu mumewe, Makhluf, aliyekuwa dereva wa lori la saruji. Familia nyingi hufanya hivyo: shali ya baba hufungwa kwenye nguzo nne, na shughuli inakwisha. Lakini Makhluf alifariki miaka mitatu iliyopita, naye alizikwa ndani ya shali yake, kishada kimoja kikiwa kimekatwa, kama inavyotakiwa.

"Kila kitu ambacho kingemfunika mwanangu kipo ardhini," anasema Perla.

Imebaki shali moja. Ni mpya, ile ambayo mama wa bibi harusi humnunulia mkwe wake, na aliilipa kidogo kidogo tangu Septemba. Wiki iliyopita alimpigia simu Dvora, mama wa bwana harusi, kumweleza kwamba hiyo ndiyo itakuwa hupa.

"Shali kwenye vijiti?" Dvora alisema. "Mkwe mwenzangu, wageni mia tatu wanakuja kutazama nini, nguo zilizoanikwa?"

"Waje wamtazame binti yangu."

"Mimi sisemi kwa ubaya."

"Najua. Ubaya unajisemea wenyewe."

Hawajazungumza tena, na Perla hajabadili uamuzi. Oshrat, anayefundisha chekechea, alimwambia mama yake kuwa hata shuka la kitanda lingemtosha. Perla alimkaripia. Baadaye, anakiri, aliingia bafuni akafungulia maji ili asisikike.

Jumanne yenyewe hana likizo. Duka lina oda nyingi, na Gabi amekubali kumwachia saa saba mchana. Hadi saa hiyo atakuwa mezani pale, akizinyoosha hupa za maharusi wengine. Luda ameahidi kumalizia zitakazobaki.

Nguzo ameshazipata: mabomba manne ya alumini ya kibanda wanachojenga kila Sikukuu ya Vibanda, aliyoyasugua kwa siki hadi yakang'aa. Shali haina fremu, kwa hiyo kila nguzo inahitaji mtu wa kuisimamisha. Kaka zake wawili watashika mbili. Ya tatu atashika rafiki wa bwana harusi. Ya nne ni ya baba wa bibi harusi.

Rabi amependekeza atafutwe mwanamume yeyote miongoni mwa wageni.

"Sitafuti mtu tena," anasema Perla, akikigeuza kitambaa upande wa pili. "Nitaishika mimi. Atakayeona aibu na afumbe macho mpaka glasi ivunjwe."