Jina la Alfonce Kwenye Kibao cha Zimamoto

Jirani yangu Generoza, ambaye sisi tunamwita Mama Deodata, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha bonde zima na ubishi ambao sijaupatia dawa. Ukimwambia leo ni Jumatatu, atakuuliza nani kasema. Nampenda sana.

Kijiji chetu kiko huku Ngara, upande wa Keza. Tulipohamishiwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji, tulipangwa mstari mmoja, nyumba za nyasi zikikaribia kugusana mapaa, kana kwamba waliopanga hawajawahi kuona cheche. Kiangazi cha mwaka sabini na sita moto wa kichakani ukashuka kutoka mlimani. Alfonce, mume wa Generoza, mtu mpole ambaye hata mbuzi wake walikuwa hawamsikilizi, alirudi ndani ya moshi kumtoa Bibi Koleta. Bibi alitoka salama, anakohoa na kutukana. Alfonce moshi ulikuwa umeshamkaa kifuani, na wiki hakuimaliza. Tulilia, tukazika, kisha tukasema tuwe na zimamoto yetu.

Msicheke. Ilikuwa kibanda cha udongo, mitungi ya maji, na rundo la vigogo vya migomba tulivyovikata kwenye mahame yetu, mashamba tuliyoyaacha tulipohamishwa. Maji yako mbali bondeni, lakini mgomba umejaa maji: unaupasua, unarusha vipande juu ya paa, moto unanung'unika kidogo kisha unazima. Mkuu wa zamu alikuwa Generoza. Kigogo kikikauka bila kubadilishwa, mwenye zamu alisikia habari zake mpaka Ntobeye.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, kituo kipewe jina la Alfonce.

"Mungu alinipa binti mmoja," aliniambia, "naye ataolewa aende zake. Nani tena atalitaja jina la baba yake?"

Siku hiyo hakubisha wala hakutania, nami nikajua linamuuma kweli.

Katibu wetu wa kijiji, Audax, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikataa.

"Shikamoo, Mama Deodata. Kituo ni mali ya umma. Kitapewa jina la maana kwa taifa zima."

"Marahaba, Ndugu Katibu. Moto ulikuwa wetu, maiti ilikuwa yetu, halafu jina liwe la taifa zima?"

Kibao cha mlangoni kikabaki kitupu. Kisha mwishoni mwa mwaka sabini na nane vita ikaja, tukachimba mahandaki nyuma ya nyumba. Lile rimu la gari tulilokuwa tunaligonga moto ukitokea, sasa likawa la ndege: likilia, kila mtu aruke handakini alale kifudifudi. Tulifanya mazoezi mpaka wazee wakawa wanaruka kama vijana.

Mwezi wa kwanza, jua la asubuhi, jiko la jirani yetu Felisita likashika moto. Generoza akaligonga rimu kwa nguvu zake zote. Kufumba na kufumbua, kijiji kizima kiko handakini.

"Tokeni! Ni moto!"

"Lala chini, mama! Utatuonyesha kwa ndege!"

Felisita mwenyewe alikuwa humo humo, rozari mkononi, anawaombea wenzake, na huku jiko lake linateketea lote. Generoza alirusha vigogo peke yake hadi mikono ikafa ganzi, akaokoa nyumba kubwa. Matusi aliyotuporomoshea tulipotoka siwezi kuyaandika hapa.

Kikao kikaitwa. Rimu libaki la vita, hilo halikuwa na mjadala. Sasa moto tuuitie nini? Watu wakatajataja ngoma, filimbi, na yowe, lakini vyote mgambo walishavichukua kwa ishara zao za vita. Bibi Koleta akainuka na fimbo yake.

"Mimi nilipokuwa ndani ya moshi niliita Alfonce, akaja. Iteni Alfonce."

Audax alikuna kichwa, akakubali, lakini mpaka vita iishe tu.

Basi ikawa hivyo. Ukiona moshi mahali usipostahili kuwapo, unaita Alfonce, nyumba ya pili inapokea, ya tatu inapokea, wengine wanasema Arufonsi, na kila mwenye miguu anakuja mbio na kigogo begani. Bahati nzuri hatukuwa na Alfonce mwingine kijijini, maana maskini angekonda. Ghala la Anastazi liliokolewa hivyo, na nyumba nyingine baada yake. Kila mara Generoza alikimbia mbele yetu sote.

Vita ikaisha, furaha tele, na Audax akaleta fundi wa kuandika kibao: USHINDI. Siku ya ufunguzi kilikuwa kimefunikwa kitenge. Generoza alikaa mbele amenuna, hajagusa hata pombe ya ndizi. Mgeni kutoka wilayani, baba wa watu mwenye heshima zake, akashika kipaza sauti.

"Kabla sijafungua, nimeambiwa yuko ndugu yetu aliyeanguka katika kazi hii. Tumkumbuke. Alfonce!"

Mabenchi yakapinduka. Wanawake wakajifunga khanga, wanaume wakavamia rundo la vigogo, kwaya ikatawanyika kutoka kwenye mistari yake, kila mtu anatazama mapaa na kuuliza wapi, wapi. Mgeni alibaki peke yake na kipaza sauti chake. Wa kwanza kufika mwisho wa mstari wa nyumba, kigogo begani na kalamu zote mbili zimeanguka njiani, alikuwa Audax.

Tulirudi tunahema, tumelowa utomvu wa migomba, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Generoza hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama pale pale, machozi yanamtoka bila kuyafuta, kwa kuona kijiji kizima kikikimbilia jina la mume wake.

"Ndugu Katibu," akasema, "sasa ita hilo lako."

Audax, mbele ya mgeni, afanyeje? Akavuta pumzi.

"Ushindi!"

Tukampigia makofi mazuri sana, tukakaa. Hakuna aliyenyanyua mguu. Audax alitutazama, akamtazama mgeni, akatua kigogo chake chini, akaenda mwenyewe kutafuta rangi.