Woga Uliopanda Kilima

Nilipokuwa mtoto kule Koboko, hakuna mtu wa kwetu aliyevuka kijito cha nyuma ya shamba bila kung'oa jani ukingoni na kulitupa nyuma ya bega. Ukishalitupa, hugeuki. Ndani ya maji, tuliambiwa, alikaa yule wa mto, mwenye nusu ya mwili: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Jani lilikuwa salamu yake. Imani hiyo mama aliileta kutoka kwao, kwa Walugbara wa upande wa Inde, lakini sisi watoto tuliipokea kwa mikono miwili, maana ni nani asiyependa kuogopa kidogo mchana wa jua kali akiwa na wenzake? Tulivuka mbio, mioyo ikidunda, na tukifika juu kwenye mihogo tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mama alikuwa mwanamke wa soko. Alikwenda Inde kununua simsim na karanga kwa ndugu zake, akarudi kuziuza Koboko, na mdomo wake kwenye bei ulijulikana na kila mtu. Kwa hiyo mwaka ule alipoanza kunyamaza, tuliona mapema. Kwanza aliacha kwenda Inde, akisema gari litapinduka. Kisha akaacha hata soko la karibu. Nilimkuta jikoni amesimama, mwiko mkononi, ugali unaungua, na yeye anasikiliza moyo wake mwenyewe. Alisema kifua kinabana, kuna jambo linakuja, na ukimuuliza ni jambo gani, hajui. Halali, hali. Kitenge chake kikaanza kumpwaya kama nguo ya kuazima.

Ndipo siku moja akakumbuka. Alikuwa amevuka kijito na mdogo wangu mgongoni, mtoto analia, na kwa kumbembeleza akasahau jani. Tena aligeuka nyuma. Nyumba nzima ikapumua, kwa kuwa sasa ugonjwa ulikuwa na mwenyewe.

Baba, aliyekuwa dereva wa lori la kwenda mpakani, akasema basi arudi kwao Inde, watu wake wanajua dawa ya mambo yao. Alisema kwa upole, lakini hata mimi nilijua kwamba mke anayerudishwa kwao akiwa hivyo si lazima afuatwe. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka shule mbio, nikiomba njia nzima nimkute mama bado yupo.

Aliyekataa ni Haboba. Ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzaa baba. Mjane wa askari, aliyehama kambi hadi kambi na sufuria kichwani, hakuwa na mazoea ya kushindwa na kitu asichokiona. Alimwambia mwanawe kwamba mke hasafirishwi kama mzigo, kisha akaenda kwa shehe kumwombea mama maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Mama akanywa. Woga ukabaki pale pale.

Haboba akanunua kuku mweupe. Mwislamu safi kabisa, aliyekuwa akitucheka sisi na majani yetu, akasema kwamba ikiwa ugonjwa umetoka kwa Walugbara basi na dawa itaombwa kwao. Kawaida ilikuwa hivi: aliyeshikwa na mto hupelekwa pale pale adhuhuri, akaurudisha woga kwa mwenyewe, na kuku akaachiliwa ng'ambo.

Mimi nilibeba kuku. Mama alitetemeka tangu mlangoni, na sote tulitazamia kwamba akifika majini ataanguka. Hakuanguka. Alitupa jani lake, akaingiza miguu majini, akasema maji ni baridi. Akaniambia jinsi wao Inde wakiwa wasichana walivyokuwa wakitega samaki kwa vikapu, na jinsi dada yake alivyowahi kunasa kiatu cha padri. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kiangazi. Haboba akamwachilia kuku, naye akatokomea kichakani, nasi tukapanda bila kugeuka, moyo wangu ukiimba.

Mlangoni pa jiko mama alishika mwimo. Pumzi ikakatika, jasho likamtoka, macho yakamtoka. Jambo lile lile, na mto tuliuacha mbali.

Haboba alimkalisha mkekani, akaiweka miguu yake mapajani mwake na kuikanda. Alikanda muda mrefu, macho kwenye njia ya mtoni. Mimi nilidhani ameshindwa, nikaanza kulia. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Ile mutu ya mto iko na mguu moja tu," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Atapanda hii kilima namna gani mpaka jikoni yako?"

"Woga ya mto inabaki mto. Mimi mwenyewe naogopa pale, nikifika juu imekwisha. Hii yako inapanda, inakula na wewe, inalala na wewe. Hii hapana kazi ya kuku. Kesho sisi nakwenda Arua, hospitali."

Jioni baba akasema kwamba hospitali ya ugonjwa wa namna hiyo ni mahali pa wendawazimu, na watu wataona. Haboba akamjibu kwamba watu wameona siku nyingi, na hajamwona hata mmoja aliyekuja kutupikia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Asubuhi baba mwenyewe akatutafutia gari.

Nilikwenda nao ili nimbebe mdogo wangu. Mlango wa kliniki hiyo ulikuwa mwisho wa majengo ya hospitali, na watu waliokuwa wakiupita waligeuza nyuso. Mama alipouona, miguu ikagoma. Haboba hakumsukuma. Alivua kitenge cha begani, akakitandika kando ya mlango, akaketi juu yake kama mtu aliyefika kwake.

"Ingia," akasema. "Mimi iko hapa."

Mama akaingia. Haboba akabaki pale nje, akimsalimia kila aliyemtazama, mpaka wakawa wanaona aibu kutazama.

Yaliyosemwa ndani mama alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Muuguzi hakuuliza habari za jani. Aliuliza kama analala, kama anakula, kama anaweza kufanya kazi yake, na hali hiyo imeanza lini. Akauliza kama woga huo una sababu, na kama sababu ikiondoka nao unaondoka. Kisha akamweleza kwamba woga ni askari wa lindo, kila mtu anaye na anamhitaji, mtoto akiugua au gari likienda ovyo. Wa kwake alikuwa ameacha kulinda na kuanza kuwapiga wenye nyumba. Huo ni ugonjwa, akasema, na unatibika.

Hakupona kwa siku moja. Alipewa dawa kwa muda, na siku za kurudi kuzungumza, na kuna majuma tulipoona kama tunarudi nyuma. Siku alizokataa kwenda, Haboba alivaa viatu na kukaa mlangoni mpaka mama naye akavaa vyake. Mvua zilipokuja nilimsikia mama sokoni akigombana na mtu juu ya bei ya karanga, kwa sauti yake yote. Nilishika kikapu nikalia. Wanawake wa jirani wakauliza nani amenipiga.

Haboba amekwisha kufa. Mimi sasa naishi Onduparaka, kando ya Arua, penye timu ya mpira ya jina hilo hilo, na yeyote anayetujua anajua siku ya mechi tunavyokuwa: koo zimekauka, wanaume wazima hawawezi kukaa kwenye kiti. Filimbi ya mwisho ikilia, hata waliofungwa wanakumbuka njaa. Binti yangu kabla ya mitihani hushindwa kumeza hata uji. Simpeleki popote. Namkalia karibu, namwacha aogope, na karatasi ya mwisho ikikusanywa anamaliza sufuria. Huo ni woga wa mto, una ukingo wake.

Lakini mwaka huu woga wangu mimi ulipanda kilima. Duka langu linakwenda vizuri, watoto wana afya, hakuna aliyekufa, na bado nilikuwa naamka alfajiri kifua kimebanwa, nikingoja habari mbaya isiyokuwa na jina. Nikaanza kukwepa soko. Nikajiambia ni uchovu, nikajiambia nisali zaidi, nikajiambia mimi ni mjukuu wa Haboba na wajukuu wake hawashikwi na mambo haya. Mtu anajua kujidanganya kwa lugha zote anazozijua. Kisha siku moja nikanusa kitu kinaungua, nikajikuta nimesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, ninasikiliza moyo wangu.

Niliogopa, lakini zaidi nilikasirika. Nikaipua sufuria, nikampigia mama simu.

Alikuja kutoka Koboko kwa gari la kwanza, mzee sasa, magoti yanamsumbua. Hakuniuliza nimevuka wapi, wala kama nimesahau jani, ingawa sisi sote wawili mpaka leo hatuvuki kile kijito bila kulitupa. Aliuliza tu, "Inalala na wewe?" Nikasema inalala.

Hospitali ni ile ile, na mlango uko pale pale mwisho wa majengo. Wamekwisha kuupaka rangi. Nje walikuwa wamekaa watu wawili ninaowauzia sukari, na walipogeuka kunitazama, miguu yangu ikagoma kama ya mama siku ile. Nilitaka kumwambia turudi, tuje wiki ijayo.

Mama alikuwa amekwisha kuvua kitenge cha begani. Alikitandika kando ya mlango, akajishusha polepole kwa magoti yake mabovu, akanyoosha miguu, na kuwasalimia wateja wangu kwa majina ya watoto wao.

"Ingia," akaniambia. "Mimi iko hapa."