Mende wa Bhiwa

Bhiwa, mzibua chemba za maji taka wa manispaa ya Mumbai, hakutaka mtu aue mende nyumbani kwake. Mkewe, Hausabai, alikuwa akiwaka: "Baba Sarika, kwani hawa wadudu ni shemeji zangu?"

"Waache. Nikifunua chemba wakatoka mbio, najua chini kuna hewa. Wasipotoka, sishuki ng'o!"

Kisha ikaja siku alipofunua na hakutoka hata mmoja. Bhiwa akarudi nyuma. Msimamizi akamcheka mbele ya wenzake: "Jana tumepuliza dawa, kuna mheshimiwa anapita hapa. Ulitaka mende wakupigie saluti? Shuka, au kazi nampa mwingine!"

Akashuka. Walimvuta juu kwa kamba, povu limemjaa mdomoni, keshakufa.

Matanga yalipokwisha, Hausabai alikuwa akichoma mikate ya mtama alipomwona mende akipanda ukutani, kando ya picha ya marehemu. Akaokota kandambili, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Washenzi nyie," akamwambia yule mende. "Siku ile mlikuwa wapi?"